Safari ya Nje na Watoto Wadogo: Anza na Vile Visivyonunulika

Tukiamua kusafiri na watoto, wengi wetu hukimbilia begi. Nepi ngapi, nguo ngapi, kopo la maziwa dogo au kubwa. Begi linaweza kusubiri. Nepi zinauzwa kila mahali penye watoto, na watoto wako kila mahali. Ukisahau soksi, utanunua soksi. Mambo ya kuyawahi ni yale ambayo ukishafika ugenini huwezi kuyapata hata ukiwa na pesa mkononi: karatasi yenye mhuri, chanjo inayohitaji siku kadhaa kushika mwilini, dawa ambayo mtoto ameizoea, na usingizi.

Fungua droo ya pasipoti kabla hata hujaangalia bei ya tiketi. Pasipoti ya mtoto huisha mapema kuliko ya mzazi. Nchi nyingi humpa mtu mzima ya miaka 10 na mtoto ya miaka 5, kwa sababu sura ya mtoto hubadilika haraka. Kwa hiyo mkizichukua zote siku moja, ya mtoto ndiyo itakayotangulia kuisha, tena kimyakimya. Kuisha kwenyewe si lazima kungoje tarehe iliyochapishwa. Nchi nyingi hazimpokei mgeni ambaye pasipoti yake imebakiza chini ya miezi 6. Nchi za Schengen huko Ulaya, zile zinazotumia viza moja, zinataka ibakize angalau miezi 3 baada ya siku mnayopanga kuondoka kwao, na iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita. Mimi nilifundishwa somo hili kaunta. Dada aliyetuhudumia alifungua pasipoti ya binti yangu, akahesabu miezi kwa vidole, akarudia kuhesabu, kisha akanitazama kwa huruma. Ilibaki miezi mitano na siku chache. Yangu nilikuwa nimeikagua mara tatu.

Baada ya pasipoti ni viza na vibali. Usidhani mtoto wa kubebwa hahesabiwi. Kibali cha mtandaoni cha kuingia Uingereza, kwa wanaotakiwa kuwa nacho, kinaombewa hata mtoto mchanga, na cha Marekani vivyo hivyo: kila kichwa na kibali chake. Kwa viza ya Schengen, mtoto wa chini ya miaka 6 halipiwi ada, na wa chini ya miaka 12 hachukuliwi alama za vidole, lakini fomu yake hujazwa na kusainiwa na mzazi kama ya mtu mwingine yeyote.

Kisha kuna karatasi ambayo familia nyingi huisahau: barua ya idhini. Mzazi mmoja akisafiri peke yake na mtoto, au bibi akimchukua mjukuu, afisa wa uhamiaji ana haki ya kuuliza mzazi mwingine yuko wapi na kama anajua. Si ubishi wake. Tangu Mkataba wa The Hague wa 1980 kuhusu utekaji wa watoto unaofanywa na wazazi wenyewe, mipaka mingi imekuwa macho na jambo hili. Afrika Kusini mwaka 2015 ilifika hatua ya kudai cheti kamili cha kuzaliwa chenye majina ya wazazi wote wawili kwa kila mtoto anayevuka mpaka, ingawa baadaye ililegeza masharti kwa wageni. Barua yenyewe ni fupi: majina kamili na namba za pasipoti, tarehe za kwenda na kurudi, mahali mtakapofikia, simu ya mzazi anayebaki, na sahihi yake iliyothibitishwa na wakili. Iambatane na nakala ya cheti cha kuzaliwa, hasa pale ambapo jina la ukoo la mama halifanani na la mtoto. Kama mzazi mwingine amefariki, beba cheti cha kifo. Kama mahakama imekupa malezi, beba hukumu. Na mwambie mtoto mapema kwamba yule mtu wa dirishani anaweza kumuuliza yeye mwenyewe, "Huyu ni nani?", na kwamba hapo si mahali pa utani.

Upande wa afya, nenda kliniki wiki sita hadi nane kabla. Kuna sababu ya kuwahi hivyo. Cheti cha homa ya manjano huanza kutambulika siku ya 10 baada ya chanjo, kwa hiyo aliyechanjwa leo na kusafiri kesho ni kama hakuchanjwa. Habari njema ni kwamba tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha. Chanjo yenyewe hutolewa kuanzia miezi 9. Chini ya miezi 6 haitolewi kabisa. Angalia pia mtapitia wapi, maana nchi nyingine hudai cheti kwa sababu tu mmekaa zaidi ya saa 12 kwenye uwanja wa ndege wa nchi yenye ugonjwa. Kuhusu surua, mtoto wa miezi 6 hadi 11 anayekwenda nje anaweza kupewa dozi ya mapema, wiki mbili au zaidi kabla ya safari. Dozi hiyo huwa ni ya nyongeza tu. Zile za kawaida atazipata kwa wakati wake.

Malaria ni hadithi nyingine. Vidonge vya kinga kwa watoto hupimwa kwa uzito, na vingi havitolewi kwa mtoto asiyefika kilo 5. Doksisaiklini, mojawapo ya dawa hizo za kinga, kwa kawaida haitolewi kabisa kwa watoto wa chini ya miaka 8. Dawa za kupaka za kufukuza mbu zenye DEET hazimfai mtoto wa chini ya miezi 2. Anabaki na chandarua chenye dawa na nguo za mikono mirefu, basi. Kwa maoni yangu, familia yenye mtoto wa miezi minne haina haja ya kwenda likizo palipojaa malaria au homa ya manjano. Ufukwe huo utakuwepo mwakani, naye atakuwa amekua.

Kwenye mfuko wa dawa, kitu cha kwanza ni kipimajoto, cha pili ni parasetamoli ya maji pamoja na bomba lake la kupimia. Mpime mtoto uzito wiki ya safari na uandike, kwa sababu dozi hufuata kilo, na saa nane za usiku hotelini si wakati wa kubahatisha. Aspirini usimpe. Pakiti za chumvi za kuongeza maji mwilini ni nyepesi na hazichukui nafasi ya kulalamikiwa, lakini zikikosekana kabisa unaweza kuchanganya mwenyewe: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Usizidishe chumvi, inadhuru. Kama mtoto ana dawa ya kila siku, iache kwenye boksi lake, iende na cheti cha daktari chenye jina la dawa yenyewe wala si la kampuni tu, maana jina la dukani hubadilika ukivuka mpaka. Tena kuna dawa za kawaida kwenu ambazo kwingine ni kosa: Japani hairuhusu dawa za mafua zenye zaidi ya asilimia 10 ya pseudoefedrini, na Falme za Kiarabu zinataka kibali kwa dawa zenye kodeini.

Bima sitaikalia sana. Watoto waandikwe kwa majina, pumu au kifafa kitajwe hata kama hakijasumbua mwaka mzima, na iwe inagharimia kumsafirisha mgonjwa kurudi nyumbani. Kwa viza ya Schengen kiwango cha chini ni euro 30,000. Namba ya dharura ya kampuni ya bima uiandike kwenye karatasi, si kwenye simu peke yake.

Sasa tiketi. Mtoto wa chini ya miaka 2 husafiri mapajani, na kwenye safari za kimataifa mashirika mengi hutoza karibu asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima. Akitimiza miaka 2 katikati ya likizo, wakati wa kurudi atahitaji kiti chake na nauli yake. Wazazi wengi hushtukia hili siku ya kuondoka. Mtu mzima mmoja hupakata mtoto mmoja tu, hivyo mwenye mapacha na hana mwenzake lazima anunue kiti. Vitanda vidogo vya watoto vinavyoning'inizwa ukutani mbele ya safu ya kwanza ni vichache kwenye ndege, vina kikomo cha uzito, na hupewa anayewahi kuomba. Piga simu siku ileile ya kununua tiketi.

Nikichagua kati ya ndege ya moja kwa moja yenye bei kubwa na ile ya kuunganisha mara mbili kwa bei nafuu, nitapunguza siku za likizo nilipie ya kwanza. Mkilazimika kubadilisha ndege, muda wa chini ya saa mbili ni mateso: mtashuka wa mwisho, mmoja atataka choo, na kigari cha mtoto mlichokikabidhi mlangoni mwa ndege huenda kikatokea kwenye mkanda wa mizigo badala ya mlangoni. Ndiyo maana hata mwenye kigari abebe na mbeleko.

Kwenye ukaguzi, ile kanuni iliyoanza mwaka 2006, ya kutopitisha vimiminika vya zaidi ya mililita 100 kwenye begi la mkononi, ina mlango wa pembeni kwa watoto: maziwa, uji wa mtoto na dawa huruhusiwa kwa kiasi cha kutosha safari. Viweke pembeni na uvitaje mwenyewe kabla hujaulizwa. Betri za akiba za kuchajia simu zikae kwenye begi la mkononi. Kwenye mzigo unaokabidhiwa haziruhusiwi.

Masikio huuma zaidi ndege inaposhuka kuliko inapopaa, na kushuka huanza kama nusu saa kabla ya kutua. Usimalize maziwa yote angani. Bakiza ya wakati huo, na kama amelala mwamshe anyonye, kwa sababu kumeza ndiko kunakofungua masikio. Mkubwa kidogo apewe kitu cha kutafuna. Mwenye mafua makali au maumivu ya sikio aonwe na daktari kwanza.

Kila mtu atakushauri ubebe nguo za kubadilisha za mtoto. Beba na zako. Mwanangu wa pili alinitapikia tukiwa bado tunapaa, taa ya mikanda inawaka, hakuna kusimama. Yeye nilikuja kumbadilisha akawa safi kama wa kwenye picha, mimi nikakaa saa saba na shati lenye harufu ya maziwa yaliyoganda, huku jirani yangu akijitahidi sana kutazama dirishani.

Usingizi ndio utakaoamua kama mtaifurahia likizo. Mwili huhitaji takriban siku moja kwa kila saa moja ya tofauti kati ya saa za kwenu na za huko, na kwenda mashariki huchosha zaidi kuliko kwenda magharibi. Kwa hiyo siku mbili za mwanzo zisiwe na tiketi za chochote. Watoeni watoto nje kwenye mwanga wa asubuhi, walisheni kwa saa za huko, na mkubali kwamba saa kumi za usiku wa kwanza kuna mtu atakuwa amekaa kitandani anataka kucheza. Shuka lake la nyumbani lisifuliwe kabla ya safari. Lile lenye harufu ya mto wake ndilo litakalomlaza kwenye chumba asichokijua.

Mahali pa kulala, swali la "panafaa watoto?" halina maana, kila mwenye nyumba atajibu ndiyo. Uliza kinachoonekana kwa macho: nguzo za roshani zimeachana kiasi gani, bwawa lina uzio, dirisha la ghorofani linafungwa, kitanda cha mtoto kipo au "kitatafutwa". Mkifika, piga magoti uizunguke sakafu kabla mtoto hajafanya hivyo. Utakuta vidonge vya mgeni aliyepita, waya uliochunika, ndoo ya dawa za usafi chini ya sinki. Kuhusu gari, nchi za Umoja wa Ulaya zinataka mtoto wa chini ya sentimita 135 akae kwenye kiti chake maalumu, nyingine hadi 150, na teksi ya uwanjani mara nyingi haina kiti hicho. Agiza mapema. Umeme nao hutofautiana: Marekani ni volti 120, Japani 100, Ulaya 230. Adapta hubadilisha umbo la plagi tu, haigusi volti, hivyo soma chini ya kile kifaa cha kuchemshia chupa kabla hujakibeba.

Mwisho kuna jambo ambalo hatupendi kulifikiria, mtoto kupotea. Kila asubuhi kabla ya kutoka, mpige picha jinsi alivyovaa siku hiyo. Ukiulizwa na polisi huku unatetemeka, hutakumbuka rangi ya kaptura. Andika namba yako mkononi kwake kwa kalamu isiyofutika, pamoja na alama ya nchi mbele. Mfundishe kwamba akipotea asimame palepale, asiwatafute. Nanyi mjue namba za dharura: 112 kote Umoja wa Ulaya, 999 Uingereza, 911 Marekani na Kanada.

Nakala za karatasi zote ziwe kwenye simu, kwenye faili linalofunguka bila intaneti, na seti nyingine ya karatasi ikae kwenye begi la mzazi wa pili. Pasipoti zenyewe ziingie kwenye bahasha moja, na bahasha hiyo ishikwe na mtu mmoja tu, kuanzia mlango wa nyumbani hadi chumba cha hoteli. Mkipokezana njiani, kila mmoja ataamini iko kwa mwenzake.