Jinsi ya Kumtafutia Mama Chumba Anapotoka Nyumba ya Mpito, Kisumu

Nafanya kazi kwenye nyumba ndogo hapa Kisumu inayowahifadhi akina mama na watoto waliokosa pa kulala. Usiku wa kumpokea mama tunauweza: maji ya moto, uji, godoro, mlango wenye komeo. Siku ya kutoka ndiyo hunikosesha usingizi, kwa hiyo naianza kazi yake wiki ile ile ya kwanza.

Anza na karatasi. Wengi hufika na leso kiunoni na mtoto mgongoni, basi. Kitambulisho kikipotea, andikisheni polisi, kisha mwende Huduma Centre, kituo cha huduma za serikali. Kadi za kliniki na vyeti vya kuzaliwa vya watoto viwekwe pamoja kwenye bahasha moja, na bahasha akae nayo mama mwenyewe. Kama alipigwa, fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari huandika majeraha, ijazwe mapema. Kama alibakwa, hospitali kwanza: dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi lazima zianzwe kabla ya saa 72 kupita. Mume akiendelea kumtishia, sheria ya 2015 ya ulinzi dhidi ya unyanyasaji wa nyumbani inamruhusu kuomba mahakamani amri ya kumzuia.

Sasa chumba. Chagueni kwanza shule ya watoto na mahali mama atakapochuuza, ndipo mtafute ploti, yaani nyumba ya vyumba vya kupanga, iliyo kati ya sehemu hizo mbili. Anayeuza omena (dagaa) soko la Kibuye hawezi kumaliza faida kwa nauli. Nendeni kukagua siku ya pili baada ya mvua kubwa. Nyalenda ya chini, upande wa mto Auji, chumba kinachopendeza Januari huweza kujaa maji Aprili. Angalieni alama ya tope ukutani. Ulizeni mtungi wa maji ni bei gani na choo ni cha vyumba vingapi, na kama mlango wake hufungwa usiku. Jirani mwanamke atawaambia mengi kuliko mwenye ploti.

Mwenye ploti atauliza, "Mama, mzee yuko wapi?" Fanyeni mazoezi ya jibu hilo nyumbani. Sisi hujibu, "Nitalipa mwenyewe, kila tarehe tano," na mama ndiye asemaye. Mimi husimama pembeni. Usitaje ametoka wapi. Habari husafiri kwa bodaboda, na wenzake bado wamelala kwetu.

Pesa zigawanywe hivi: kodi ya mwezi wa kwanza na amana tunalipa sisi, mwezi wa pili nusu kwa nusu, wa tatu yeye. Mtaji usichanganywe na kodi. Gorogoro chache, yaani makopo ya kupimia, za omena zinatosha kuanzia. Niliwahi kumpa mama vyote kwa mkono mmoja, mtoto akaugua, akabaki bila mtaji na bila kodi. Kosa lile lilikuwa langu.

Kabla hajahama, ashike kichwani nambari mbili zisizolipishwa: 1195 kwa ukatili wa kijinsia, na 116 kwa mtoto aliye hatarini. Simu huweza kunyang'anywa.

Akishahama, mtembelee jioni, saa ya kupika. Ukikuta saa mbili usiku jiko limepoa, maswali yangoje. Toka ununue unga na sukuma, urudi mpike naye.