Kupanga Chumba cha Makumbusho ili Wageni Wazungumze

Anayepanga chumba cha makumbusho hapa Iringa, kiwe ndani ya jengo la kale kama Boma au darasa moja la shule, aanze kwa kujiuliza wageni watasimama wapi na watamwambia nani kile wanachokiona. Wengi huja pamoja, bibi na wajukuu au mwalimu na wanafunzi, na mengi wanayojifunza hutokana na maneno wanayopeana wenyewe mbele ya kitu.

Kwa hiyo kabati la kioo lisibanwe ukutani, ambako mmoja husoma na wenzake humsubiri mgongoni kimya. Liwekwe mahali watu wanne wanapoweza kulizunguka wakitazamana, kwa kimo ambacho mtoto wa miaka 7 ataona bila kubebwa.

Kazi ngumu zaidi ni kibao cha maelezo. Chukua zana za mawe za Isimila, eneo la Zama za Mawe karibu na Iringa: kibao kinachosema "Shoka la mawe" na kuishia hapo hakimwachii mgeni la kuongeza. Andika: "Tazama makali ya jiwe hili. Wewe ungelishika upande gani?" Swali hilo hujibiwa kwa macho, hivyo bibi asiyejua kusoma, akisomewa na mjukuu wake, ana nafasi sawa na yeye ya kujibu. Maelezo ya uchimbaji wa miaka ya 1950 yafuate chini yake, kwa sentensi mbili. Pembeni weka nakala ya kushikwa, kwa sababu mkono ukishaupima uzito wa jiwe, mdomo nao hufunguka.

Si kila kitu kinafaa kuulizwa hivyo. Mbele ya fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, kwenye makumbusho ya kijiji cha Kalenga, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, kinachohitajika ni utulivu na maelezo machache yaliyo sahihi. Mahali pa namna hiyo ningeweka benchi nje ya mlango, kivulini, wazee wakae na kuwasimulia vijana.

Majina ya vyombo vya nyumbani yaandikwe pia kwa Kihehe, kwa herufi kubwa, maana mara nyingi jina ndilo linalomwanzishia mzee simulizi.

Kabla ya kuchapisha vibao, bandika karatasi za muda, kaa kando siku ya wanafunzi na siku ya familia, usikilize. Wakisoma kisha wakageukiana, acha maneno yalivyo. Wakipita kimya, andika upya, ubandike tena.