SOMO: Kupanda yungiyungi bwawani bila kuliozesha

Wadau, swali la "yungiyungi langu limeoza, nifanyeje?" nimelijibu mara nyingi mno. Naandika hapa mara moja, na atakayeuliza tena nitamleta kwenye uzi huu.

Kwanza jueni linakoishi. Porini yungiyungi hukaa penye maji yaliyotulia: maziwa ya kina kifupi, mabwawa, kingo za mito iendayo polepole. Tunguu lake limelala kwenye tope ambalo halina hewa. Hewa inatoka juu: matundu ya kupumulia yako upande wa juu wa jani, si chini kama ilivyo kwa mimea mingi ya nchi kavu. Kata kikonyo kimoja uangalie ndani, utaona mirija mitupu inayoteremsha hewa hadi kwenye tunguu. Ukilielewa hilo, hatua zote zinaeleweka.

1. Mahali: jua kamili, saa 6 kwa siku au zaidi. Mbali na bomba linalorusha maji juu ya majani.

2. Chombo: kipana kuliko kirefu.

3. Udongo: mfinyanzi mzito wa kawaida. Si mboji, si udongo mwepesi wa kuoteshea miche. Huo huelea na kuoza.

4. Kupanda. Hapa ndipo nilipoharibu. Mara ya kwanza nilifukia jicho la kuchipua kwa vidole vinne vya udongo nikidhani nalikinga na samaki, na chini nikaweka samadi mbichi. Maji yakageuka kijani, majani hayakutokea. Nilipopandisha ndoo, tunguu lilibonyea kidoleni na harufu ikawa ya yai viza. Nilisikitika kweli, maana lilikuwa zima nilipolipokea.

Kwa hiyo: jicho LIBAKI WAZI. Tambua kwanza unalo la aina gani. Yale ya nchi za baridi kwa kawaida yana majani yenye ukingo laini na ua linaloelea. Tunguu lake hutambaa. Lilaze mshazari, kitako kikiegemea ukuta wa chombo na jicho likitazama katikati, lipate nafasi ya kusonga mbele. Yale ya kitropiki mengi yana majani ya ukingo wenye meno na ua lililoinuka juu ya maji. Kiazi chake kisimame wima katikati, jicho usawa wa udongo. SAMADI MBICHI HAPANA, hata kidogo.

5. Tandaza kokoto juu ya udongo, usizibe jicho.

6. Zamisha kwa awamu: anza na sentimita 15 za maji juu ya jicho. Majani yakifika juu, shusha tena. Mengi yanaridhika na sentimita 30 hadi 60.

7. Majani yakizeeka, kata.

MASWALI

Kidimbwi: Mkuu, naweza kutumia mboji?

Hatua ya 3.

Mgeni_wa_maji: Nimefuata kila kitu na halitoi maua. Somo lina kasoro.

Linapata jua saa ngapi?

Mgeni_wa_maji: Kama mbili hivi, kuna mti.

Basi hatua ya 1 hukuifuata. Somo liko sawa. Kama mti haukatiki na bwawa ni kubwa, tafuta yungiyungi la njano, Nuphar lutea. Linavumilia kivuli, kina kirefu zaidi na hata maji yanayosogea taratibu. Ua lake ni dogo, la mviringo kama kikombe.

Kereng'ende: Langu jeupe hufunga asubuhi na kufungua jioni. Linaumwa?

Haliumwi, ni la usiku. Nymphaea lotus ndivyo lilivyo. Swali zuri, nikuongezee: siku ya kwanza linapofunguka chungulia katikati, utaona kidimbwi cha majimaji. Mdudu mwenye chavua akitumbukia humo, chavua inabaki kwenye sehemu ya kike. Siku zinazofuata ua ndilo hutoa chavua. Likishachavushwa, kikonyo hujikunja na kulivuta tunda chini ya maji.

Tope_tupu: Vidukari kwenye majani: zamisha jani kwa mkono, samaki watamaliza. Msinyunyize dawa.

Asante, hii mishike.

Kereng'ende: Kuna dogo la kutosha beseni?

Lipo dogo kuliko yote, Nymphaea thermarum, lililogunduliwa Rwanda mwaka 1987 kando ya chemchemi ya maji moto. Jani lake lina sentimita 1 au 2 tu. Kule Kew, bustani ya mimea ya London, miche ilikuwa ikifa ndani ya maji, mpaka mkulima wa bustani hiyo, Carlos Magdalena, alipoipanda kwenye tope, maji yakiwa usawa wa udongo, ikapata hewa ya kabonidioksidi. Hiyo ilikuwa 2009. Wewe tafuta aina ndogo za kawaida, na ukipata ya ziada usitupe mtoni, mengine huvamia.

Kidimbwi: Nimepandisha ndoo. Jicho lilikuwa limefukiwa.

Libonyeze. Palipo laini kata kwa kisu kisafi hadi ufike penye nyama ngumu, nyeupe. Kisha udongo mpya, na safari hii jicho nje.