Fedha ya vitabu ya HESLB: isije ikaishia kwenye chipsi

Kwenye mkopo wa HESLB (Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu Tanzania), fedha ya vitabu na viandikwa ina fungu lake, tofauti na ya chakula na malazi. Kiwango cha juu ni Sh200,000 kwa mwaka. Ingia kwenye SIPA, akaunti yako ya mtandaoni ya HESLB, uone umepangiwa kiasi gani. Kwa kuwa inaingia benki sawa na bumu lingine (fedha ya kujikimu), watu huichanganya, na kufika wiki ya nne haipo.

Ukipata taarifa kwamba fedha imefika, saini mapema kuipokea. Fedha isiyosainiwa hurudishwa Bodi. Kinachokwamisha malipo mara nyingi ni jina la akaunti ya benki kutofautiana na la cheti cha kidato cha nne, au akaunti iliyolala kwa kukaa muda mrefu bila muamala.

Usinunue kitabu wiki ya kwanza. Subiri muhtasari wa kozi, kisha muulize mhadhiri kama toleo la zamani linafaa. Kwa sheria au kodi halifai, vifungu hubadilika. Kwa hesabu hufaa, ila namba za maswali huwa zimehama, kwa hiyo linganisha na nakala ya maktaba kabla hujakabidhi kazi.

Kopi ikiwa Sh100 kwa ukurasa, sura ya kurasa 40 ni Sh4,000. Sura nane tu, Sh32,000 imekwenda. Kitabu kilichotumika cha aliyekutangulia pengine ni nafuu. Na huu ni mkopo: ukiajiriwa, 15% ya mshahara wa msingi inakatwa.