Namna ya Kumsikiliza Mtu Mwenye Mawazo

Mtu aliyelemewa husema "nina mawazo", na mara nyingi huishia hapo. Washona wa Zimbabwe wana neno linalokaribiana sana na hilo, kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi, na ni juu ya neno hilo ambapo daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianzisha, mwaka 2006 katika mtaa wa Mbare jijini Harare, utaratibu wa kuwafunza bibi 14 kuketi na wagonjwa kwenye mabenchi ya zahanati. Hatua zake ni tatu: kufungua fikra, kumwinua mtu na kumwimarisha. Mimi ni mshauri nasaha, na ninaamini kwa dhati kwamba hata ndugu au jirani anaweza kuzifuata.

Anza kwa kutafuta mahali ambapo hakuna atakayewasikia, kisha mwambie pole na unyamaze. Hili la kunyamaza ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu maneno kama "vumilia" na "mwachie Mungu", ingawa hutoka katika moyo mwema, humfunga mtu mdomo kabla hajafika penye kidonda. Badala ya "kwa nini", ambayo husikika kama lawama, muulize "ilianzaje?"

Akishazungumza, msaidie kuyataja yanayomsumbua moja baada ya jingine. Mama mmoja mchuuzi wa samaki alinijia akisema kichwa kinawaka moto na usingizi umekata. Tulipoyahesabu kwa vidole, yale "mawazo" yalikuwa mambo saba: mume aliyeondoka, mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa ajili ya michango, marejesho ya mkopo wa kausha damu, na mengine. Nilimwomba achague moja tu. Nilidhani atamtaja mume. Akachagua marejesho, kwa kuwa kila Alhamisi asubuhi tumbo lilimsokota akisubiri hodi ya mkopeshaji. Tangu siku hiyo simchagulii mtu.

Baada ya hapo mtafute pamoja hatua ndogo inayowezekana wiki hiyo hiyo, itakayosemwa kwa siku, saa na mtu wa kumwona. Yule mama aliamua kwenda Jumatano jioni, akiwa na dada yake, kuomba marejesho yagawanywe mara mbili. Wazo lilikuwa lake, nami niliuliza tu, "Ukifika utaanza kusema nini?", tukalirudia hadi sauti yake ikatulia.

Akikuambia kwamba amechoka kuishi, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo; humpa nafasi ya kulitua. Akikubali, usimwache peke yake, ondoa sumu na dawa karibu naye, na mfikishe hospitali siku hiyo hiyo, maana hapo siri mliyowekeana haikuzuii kuwaeleza wahudumu. Vivyo hivyo, asiyekula au kulala vizuri kwa zaidi ya wiki mbili anahitaji kuonana na daktari.

Agana naye kwa kupanga siku ya kuonana tena, na uitimize. Mkikutana, anza na hatua mliyokubaliana. Kama hakuitekeleza, usimlaumu: muulize alikwama wapi, kisha mwipunguze. Yule mama hakuenda Jumatano ile ya kwanza. Tulikubaliana aanze kwa kumweleza dada yake kiasi halisi cha deni, jambo ambalo alikuwa hajamwambia mtu yeyote.