Maji, upepo na samaki kwenye mchoro mmoja

Mvuvi wa hapa Tanga haangalii bamvua (maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mchanga) peke yake. Huangalia maji, upepo na samaki kwa pamoja. Ukimchorea chati tatu kwenye karatasi tatu, umemvunjia habari vipande. Leo tuzipange juu na chini kwa Matplotlib, maktaba ya Python.

Anza na faili lenye safu nne: siku, maji (kimo cha juu cha siku hiyo), upepo, samaki (kilo).

import pandas as pd
import matplotlib.pyplot as plt
d = pd.read_csv("bahari.csv", parse_dates=["siku"])
fig, ax = plt.subplots(3, 1, sharex=True, figsize=(8, 9), layout="constrained")

3 ni idadi ya chati kwenda chini, 1 kwenda pembeni. fig ni karatasi nzima, ax ni vyumba vyake, navyo huhesabiwa kuanzia 0. figsize ni upana na kimo kwa inchi.

ax[0].plot(d["siku"], d["maji"])
ax[1].plot(d["siku"], d["upepo"])
ax[2].bar(d["siku"], d["samaki"])
ax[0].set_ylabel("Maji, mita")
fig.savefig("bahari.png", dpi=200)

Vyumba vingine vipe majina vivyo hivyo.

Roho ya somo ni sharex=True: vyumba vyote hufuata tarehe zile zile. Niliwahi kuisahau. Chati ya maji ilianza tarehe 1, ya samaki tarehe 4. Mzee mmoja akaweka kidole kwenye kilele cha maji, mwezi mpevu, akakishusha wima hadi kwenye samaki, akasema, "Siku hii mimi sikutoka." Alisoma sawasawa, mchoro ndio uliomdanganya. Tangu hapo siuachi mstari huo.

Swali: Shikamoo mwalimu. Nimeweka 2, 2 nipate chati nne, ax[0].plot inakataa.
Jibu: Marahaba. Sasa vyumba vina mistari na safu, taja vyote viwili: ax[0, 1] ni cha juu kulia.

Swali: Na sharey je?
Jibu: Hiyo huvipa vyumba vyote kipimo kimoja cha wima. Hapa usiitumie, mita na kilo hazikai kwenye kipimo kimoja. Ila ukilinganisha kilo za Tanga na za Pangani, iweke, la sivyo samaki wachache wataonekana wengi.

Swali: Kwangu maandishi yanapandana, na layout inaleta kosa.
Jibu: Matplotlib yako ni ya kabla ya 3.5. Ondoa layout="constrained", kisha andika fig.tight_layout() kabla ya savefig.