Taa za nje za kudumu unazoendesha kwa simu: zinavyofanya kazi na namna ya kuzifunga

Kule Marekani na Canada watu wamechoka kupanda ngazi kila Desemba kufunga taa za Krismasi halafu Januari kuzishusha, ndo maana wengi sasa wanazifunga mara moja chini ya paa na zinakaa hapohapo, mchana huzioni, usiku unachagua rangi kwenye simu. Hata huku kwetu inawezekana, ila elewa kwanza zinavyofanya kazi.

Kila taa ina chipu yake. Apu inatuma amri kwa waifai mpaka kwenye kontrola (kiboksi kinachoziongoza taa), kontrola inazishusha kwenye waya wa data, taa ya kwanza inachukua namba zake za nyekundu, kijani na bluu (kila rangi ina ngazi 256) halafu zilizobaki inampasia jirani, hivyohivyo mpaka mwisho. Kwa hiyo ukikuta taa zote kuanzia katikati zimezima usinunue seti mpya, kagua ile ya kwanza iliyozima na ile iliyo kabla yake, mara nyingi tatizo liko hapo. Na data inaenda upande mmoja tu, angalia mshale kabla hujaunga.

Umeme ni habari nyingine. Unapungua njiani, na bluu na kijani zinataka kama volti 3 wakati nyekundu inatosheka na kama 2, so weka nyeupe mwanga wote kisha kaangalie taa za mwisho, zikiwa na wekundu wekundu basi vuta waya mwingine wa umeme kutoka kwenye adapta mpaka kule mwisho. Nyumba ndefu chukua za 24V, 12V inachoka mapema. Adapta usiibane, taa za wati 100 tafuta adapta ya 125 kwenda juu.

Kabla ya kutoboa fishabodi (ule ubao wa ukingoni mwa paa) tandaza kila kitu chini uwashe. Kontrola nyingi zinashika waifai ya 2.4GHz tu, pima mtandao palepale itakapokaa. Chukua zenye IP65 (alama ya kuzuia vumbi na maji) au zaidi, funga kwa skrubu maana gundi jua linaimaliza, na waya uning'inie kidogo chini ya kontrola kabla ya kuingia ili maji ya mvua yadondoke yasifuate waya ndani. Upande wa 230V, yaani umeme wa ukutani, mwachie fundi umeme.

Ratiba weka iwashe saa 19:00, karibu na ikweta machweo hayahami sana.